Istilahi za Umeme wa Lenzi za Kuvaa

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia chombo ambacho watafsiri wetu wamekwisha kukutana nacho katika maandishi kabla wengi hawajakiona kwa macho: lenzi ndogo inayovaliwa juu ya jicho, ikiwa imetiwa vyombo vya kielektroniki. Kile kinachoiwezesha lenzi hiyo kufanya kazi hutafsiriwa kwa wepesi kuwa ni "betri". Tafsiri hiyo mara nyingine si kweli.

Tuanze na jina. Wako wanaoandika "lenzi ya jicho". Hatuafiki, maana jina hilo lina mwenyewe: ni lenzi ya maumbile iliyo nyuma ya mboni, ile ambayo ikiingia ukungu twasema mtu ana mtoto wa jicho. "Lenzi mguso" nayo haimwelezi msomaji ni nini kinachogusa nini. Waswahili huvaa miwani. Basi na hii waivae. Tunapendekeza "lenzi ya kuvaa".

Lenzi ya kuvaa ya kawaida ina upana wa milimita 14 hivi, na unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Hukaa juu ya konea, utando angavu wa mbele ya jicho, ambao hauna mishipa ya damu na hupata oksijeni kutoka hewani kwa njia ya machozi. Kwa hiyo kitu kinene kitasumbua kope, kipana kitaziba njia ya kuona, na chenye kemikali kali kikivuja kitadhuru jicho. Ndiyo sababu wahandisi wamejaribu njia zinazotofautiana sana, na tofauti hizo hazina budi kuonekana katika lugha.

Iko lenzi iitwayo Triggerfish, ya kampuni ya Sensimed ya Uswisi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Kwa muda wa saa 24 hufuatilia mabadiliko ya umbo la jicho yanayohusiana na presha ya macho. Ndani yake hamna betri kabisa. Antena iliyobandikwa kuzunguka jicho huipelekea umeme kwa mawimbi ya redio. Betri imo katika kinasa vipimo anachochukua mgonjwa. Sasa mgonjwa akipewa karatasi isemayo kwamba atawekewa betri jichoni, si ajabu akakataa kipimo. Presha ya macho huharibu uwezo wa kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kwa njia hii tunapendekeza "upokezi wa umeme".

Kampuni ya Mojo Vision ya California, kinyume chake, ilitia betri ndogo mno ndani ya lenzi yenyewe. Kiongozi wake wa wakati huo, Drew Perkins, aliivaa Juni 2022, lakini Januari 2023 kazi hiyo ikasimamishwa. Hapo neno "betri" ni sawasawa, na njia yake ni "uhifadhi wa umeme".

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, walitangaza betri ya lenzi inayochajiwa na maji ya chumvi yaliyo mfano wa machozi, kwa msaada wa glukosi. Hiyo huhifadhi na pia hujizalishia. Kwa sehemu hiyo ya pili tunalo neno tayari: "kufua umeme". Watakuwapo watakaocheka kusikia neno la bwawa la Kidatu likitumika kwa chozi. Ni kweli kwamba Kidatu imejengwa kutoa megawati 204, na betri hiyo hutoa mikrowati 201 kwa kilele. Lakini istilahi hutaja namna ya tendo, si ukubwa wake.

Jina la jumla la njia zote tatu liwe "chanzo cha umeme". "Chanzo cha nguvu" kitawachanganya wanafunzi wanaojifunza kani. "Nishati" ingefaa, ila wenzetu wa Kenya husema "kawi", na hakuna haja ya kuleta mjadala huo mahali ambapo kinachoingia katika lenzi, kwa vyovyote vile, ni umeme.

Kuhusu "kuchaji", tumeshauriwa tutumie "kujaza umeme". Tunaliacha "kuchaji" kama lilivyo, kwa kuwa mwenye simu yeyote analielewa.