Kuku wa nyama hamsubiri mteja: Tafuta wanunuzi mapema kwa simu yako

WAHENGA walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mfugaji wa kuku wa nyama, usemi huo unaweza kumfilisi. Kuku wake anaweza kuwa mzuri kuliko wa jirani, lakini akikosa mnunuzi anapofikia uzito wa kuuzwa, faida yote huishia kwenye chakula.

Hesabu yake si ngumu. Kuku wa nyama huwa tayari kuuzwa akiwa na wiki tano hivi, na katika umri huo kuku mmoja hula zaidi ya gramu 150 kwa siku. Mwenye kuku 200 hutumia zaidi ya kilo 30 kila siku. Akichelewa kuuza kwa siku mbili tu, mfuko mzima wa kilo 50 umekwisha na mwingine umefunguliwa. Hapo ndipo mlanguzi anapofika na bei yake mkononi, naye mfugaji hana budi kukubali.

Ndiyo maana wafugaji wengi wadogo wamegeukia mitandao ya kijamii kama vile WhatsApp, Facebook na Instagram. Hata hivyo, wapo wanaokosea kwa kuanza kutangaza siku ile ile kuku wanapokuwa tayari.

Anza vifaranga wanapoingia

Siku vifaranga wanapoingia bandani, piga picha uiweke kwenye stetasi ya WhatsApp na utaje tarehe watakayokuwa tayari. Stetasi hudumu kwa saa 24 tu, hivyo irudie kila baada ya siku chache ili wateja waone kuku wanavyokua. Wiki ya tatu waulize mama lishe, wenye migahawa na majirani wanahitaji kuku wangapi. Wiki ya nne andika oda kwenye daftari na uombe malipo ya awali, hata kama ni kidogo.

Programu ya WhatsApp Business, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inamfaa mfanyabiashara mdogo. Inaonyesha bidhaa, bei na saa za kazi, na humjibu mteja hata mwenye duka akiwa shambani. Aidha, unaweza kutuma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kwa pamoja, ila utamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Hivyo kila anayenunua, mwombe aihifadhi kabla hajaondoka.

Taja bei, jibu maswali

Kosa jingine ni kuficha bei. Mteja anapouliza bei mbele ya watu kisha akajibiwa "njoo inboksi", wengi huhisi kwamba kila mtu anatajiwa bei yake. Taja bei waziwazi: kuku mzima, aliyechinjwa na kunyonyolewa, na gharama ya kumpelekea mteja nyumbani.

Anayelalamika naye ajibiwe haraka na kwa upole. Kama kuku alifika akiwa mdogo kuliko ilivyoahidiwa, kubali kosa na eleza utakavyolirekebisha. Wateja wengine wanasoma, na jibu lako ndilo litakalowafanya wanunue au waondoke.

Uaminifu ndio mtaji

Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" umewafanya wananchi wengi waogope kulipa kabla ya kuona mali. Usitumie picha za kuku wa watu wengine. Piga video fupi bandani kwako, eleza lilipo, na mkaribishe mteja aje kujionea. Jina linalotokea mteja anapotuma pesa lifanane na lile ulilomtajia.

Pia usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na hata kama isingekuwepo, mteja aliyekerwa harudi.

Mwishoni mwa kila mzunguko, usihesabu watu waliopenda picha zako. Fungua daftari, hesabu waliotoa oda, waliolipa na waliorudi kununua tena. Idadi hiyo ndiyo ikuongoze kuagiza vifaranga vya awamu ijayo. Ukiwa na oda 120 za uhakika, kufuga kuku 300 ni kumfugia mlanguzi.