Nzi wa Zizini Si Mmoja

Ndugu wanachama,

Wako miongoni mwetu wenye mifugo kwa jamaa zao huko Mtwara, tangu Mikindani mpaka Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Wao hutuuliza: "Zizi twalifagia kila siku, mbona ng'ombe wazidi kukonda?" Jibu letu ni kuwa yafaa kwanza kumjua nzi mwenyewe.

Wa kwanza ni nzi wa nyumbani. Huyu haumi. Hulamba uchafu, kisha hutua katika maziwa na machoni mwa ndama. Hutaga katika samadi mbichi, na kwa joto la pwani yai huwa nzi kamili kwa siku 7 mpaka 10 hivi.

Wa pili amfanana sana, lakini mdomo wake umechomoza mbele kama sindano, naye hunyonya damu. Ukiona ng'ombe apiga kwato bila kutulia, mtazame miguuni. Huzaliana katika majani yaliyolowa mkojo na samadi.

Dawa ya hawa wawili ni beleshi. Zoeni samadi na majani mara 2 kwa wiki, mvitie shimoni na kuvifunika. Joto la lundo huua funza, na samadi ikiisha kuoza hufaa miche yetu ya mikarafuu.

Wa tatu ni mbung'o, yaani ndorobo. Akitua, mbawa zake hulaliana kama makali ya mkasi. Huyu hatagi katika samadi: huzaa funza mmoja mmoja, ambaye hujichimbia udongoni penye kivuli cha vichaka. Kwa hiyo ufagio haumpati. Naye ndiye aletaye nagana: ng'ombe ala lakini akonda, na damu yampungua. Hapo tumieni dawa ya kuogesha mifugo na mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, wala msichunge vichakani. Mwiteni bwana mifugo apime damu mapema.

Kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kwa kazi ya miaka 1994 hadi 1997, kwa kuangusha kutoka katika ndege madume yaliyotiwa ugumba. Lakini nagana husafiri ndani ya damu. Basi atakaye kuvusha ng'ombe kutoka kusini, na ampimishe kabla hajapakiwa chomboni. Hasara ya ng'ombe mmoja aliyekataliwa ni ndogo kuliko ya zizi zima.

Katibu