Katikati ya muguu: «musipa tu» inaweza kuwa mufupa

Mangobo watu wanaishi kwa miguu: kuna wa toleka, wa moto, na vijana wa mupira. Moto ikilalia muguu wa dereva, ao mucheza mupira akipindia muguu ndani ya shimo la uwanja, jirani anasema: «Ni musipa tu, mumukande.» Mara nyingi ni kweli. Lakini si kila mara.

Kati ya kifundo na vidole kuna mifupa mifupi, inayokutana na mitano mirefu. Kamba ngumu za mwili zinaifunga pamoja, na ndizo zinashikilia upinde wa unyayo. Waganga wanaita sehemu hiyo Lisfranc, jina la mupasuaji Mufaransa wa wakati wa Napoleon. Kamba zikikatika, mifupa inaachana, hata kama inje hakuna kidonda.

Alama kubwa ni damu kuvilia CHINI ya unyayo. Ukiiona, usingoje. Vilevile mutu akishindwa kutembea hatua ine, ao kusimama kwa ncha ya vidole, aende kupigwa radio. Na hapa kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwe: picha ya mutu aliyelala inaweza kuonekana safi, juu mifupa haikubeba uzito. Kama anaweza kuvumilia, picha ipigwe akiwa amesimama, miguu yote mbili, ili kulinganisha. Nafasi ya kupita milimetri 2 kati ya mufupa mrefu wa kwanza na wa pili inatia mashaka. Kama maumivu hayapungui, picha irudiliwe kisha wiki moja ao mbili.

Mifupa ikiwa mahali pake, ni plasta karibu wiki 6, bila kukanyaga, na magongo. Ikiwa imesogea, inaomba upasuaji, iwekwe misumari ya chuma. Kwa mutu wa toleka, wiki 6 bila kupiga pedali ni chakula cha nyumba kinachokosa, hilo linaeleweka. Lakini anayerudia kazi mapema anaweza kubaki na unyayo bapa na maumivu ya kila siku.

Kukanda kwa nguvu siku za kwanza kunasogeza zaidi mifupa iliyovunjika. Afazali kuinua muguu na kuweka kitambaa cha maji baridi. Mbao zilizokazwa sana pia ni hatari: vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi, ao maumivu yakizidi kupanda, fungueni na mumupeleke hospitali usiku uleule.