"Royal" ya Nakonde na "Royal" ya Tunduma

Ukivuka mpaka pale Tunduma na kuingia Nakonde, neno la Kiingereza "royal" hubadilika kazi. Upande wa Zambia ni neno la watu. Chifu wa huko hutajwa redioni na kwenye hotuba za viongozi kwa heshima ya "His Royal Highness", na akiwa mwanamke, kama Nawaitwika wa Wanyamwanga, "Her Royal Highness". Anapoishi ni "palace", hata pakiwa nyumba ya kawaida tu. Upande wetu wa Tanzania serikali iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963, na neno hilo likabaki halina mwenyewe. Wafanyabiashara wakaliokota: utaliona kwenye kibao cha nyumba ya wageni, saluni au ukumbi wa harusi. Na Wanyamwanga ni hao hao pande zote mbili, wa Momba na wa Nakonde. Walijikuta wametenganishwa na mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890.

Mwenye nyumba ya wageni hajakosea Kiingereza. Waingereza wenyewe hufanya biashara kwa neno hilo. Kosa huja pale mtu anapodhani kwamba maneno yote ya fahari ya Kiingereza ni mamoja, kwamba "royal", "regal", "majestic", "stately" na "opulent" ni njia tano za kusema "-a kifalme". Kamusi nazo zinaweza kumsaidia kukosea, zikimpa tafsiri moja kwa maneno kadhaa.

Wingi huo una historia. Kabla ya mwaka 1066 Mwingereza alikuwa na maneno yake ya asili, na ndiko linakotoka "kingly". Mwaka huo watawala kutoka Normandy waliivamia nchi, wakakalia kiti cha enzi na kuleta Kifaransa cha ikulu. Ndiyo asili ya "royal". Baadaye wasomi wakachota kutoka Kilatini, wakapata "regal". Maneno matatu, mfalme mmoja. Lugha nyingine ingetupa mawili, lakini Kiingereza kiliyahifadhi yote na kuyagawia kazi. "Royal" ni cha mfalme kweli: familia yake, jeshi lake, amri yake. "Regal" ni mwenye sura na mwendo wa mfalme, hata kama hajawahi kukaribia ikulu. Bibi muuza ndizi wa Vwawa, aliyenyooka mgongo na asiyepandisha sauti kwa mteja, anaweza kuwa "regal" kabisa. Hawezi kuwa "royal" mpaka awe na ukoo wa kifalme. "Kingly" siku hizi hupatikana zaidi vitabuni.

"Majestic" iko juu zaidi, nayo imehama kutoka kwa watu. Tangu enzi za Mfalme Henry wa Nane, "Majesty" ndiyo iliyoshika nafasi ya heshima ya mfalme wa Uingereza, ikizipita "Grace" na "Highness" zilizotumika kabla. Ndiyo maana mpaka leo Charles ni "His Majesty", na mwanawe William ni "His Royal Highness". Sifa yake, "majestic", leo huipata mara nyingi milima, maporomoko ya maji, tai na tembo. Inataka kimo au mwendo, kitu cha kukufanya uinue macho. Ukuta wa Bonde la Ufa ukiutazama kutoka tambarare ya Ziwa Rukwa ni "majestic", bila ubishi.

Lakini kimondo cha Mbozi? Kinakadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 na urefu wa mita tatu hivi, karibu chote chuma, kilichotoka angani. Kinastahili heshima zote. Hata hivyo hakina kimo. Mgeni hana haja ya kuinua macho kukitazama. Mimi ningekiita "imposing", yaani kinachojilazimisha machoni mwako, au "impressive" tu. "Stately" hapana. Neno hilo huenda na utaratibu, hatua zisizo na haraka, jumba la kale lenye miti mirefu. Nani ndani ya mkoa wa Songwe analistahili? Treni ya abiria ya TAZARA, kwa mwendo wake ule ule. Nasema kwa heshima.

Hapo hapo angalia mkia wa neno. "Stately", "kingly", "princely" na "lordly" zinaishia kwa "-ly", na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-ly" ni alama ya kielezi atasema mtu "walked stately". Hizi ni sifa, hukaa mbele ya nomino: "a stately walk". "Princely" nayo imeingia kwenye pesa. "A princely sum" ni donge nono, na mara nyingi msemaji anatania kwamba alichopewa ni kidogo.

Pesa ndiyo mpaka mwingine. "Opulent" na "sumptuous" hazina ufalme ndani yake; asili zake za Kilatini ni mali na matumizi. Dalali wa Tunduma anaweza kuwa na sebule "opulent" bila tone la damu ya kichifu. Ukimwambia ni "regal" umemsifu yeye, ukimwambia sebule yake ni "opulent" umeisifu pochi yake, na pengine amehisi kijembe.

Kiswahili hushughulikia jambo hili kwa njia tofauti. Sifa zetu za asili ni chache, kwa hiyo utukufu tunaubeba kwa nomino: enzi, fahari, taadhima, haiba, ezi. Tena tunaubeba kwa vitu. Mshairi wa pwani akitaka kukuonyesha ukuu wa mtawala wa Pate au Lamu hana haja ya kurundika sifa. Hutaja baragumu ya siwa, ngoma, kiti cha enzi, milango iliyonakshiwa, nawe ukaelewa. Sultani Barghash alipojenga jumba lake Unguja mwaka 1883, watu waliliita Beit al-Ajaib, Nyumba ya Maajabu: jina zima ni nomino. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na jumba "magnificent, sumptuous and majestic" asihangaike kutafuta sifa tatu. Aseme jumba la fahari, kisha aonyeshe dhahabu iko wapi. Anayekwenda upande wa pili, kutoka Kiswahili, achague moja inayofaa. Wala asiweke "very" mbele ya "magnificent", kwa kuwa neno hilo limeshafika kileleni; husemwa "truly magnificent".

Kuna mawili ya kuogopa. "Pompous" ilitokana na shamrashamra za heshima, lakini leo ni mtu anayejikweza. "Grandiose" ni mpango mkubwa kuliko uwezo wa mwenyewe. Mshereheshaji akimkaribisha mgeni rasmi kwa moja ya hayo, ajiandae kuomba radhi.

Mwisho ni "august", ambayo Mtanzania anaijua bila kujua kwamba anaijua. Wabunge wetu Dodoma husema "Bunge lako tukufu". Wa Westminster na Lusaka husema "this august House". Neno hilo na mwezi wa nane yana mzizi mmoja, sifa ya Kilatini "augustus": ndiyo aliyopewa Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, na mwezi ukaitwa kwa jina lake. Tofauti iko katika mkazo, na sisi tuliozoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho tunaikosa kirahisi: mwezi hukazwa mwanzoni, sifa hukazwa mwishoni.