Swali la Pombe Lilishajibiwa

Nikimaliza kuzungumza juu ya hifadhi ya jamii, iwe mbele ya madiwani, wanafunzi wa chuo au waumini waliokusanyika baada ya ibada, huwa najua mkono wa kwanza kunyooshwa utauliza nini. "Mtaalamu, mkiwapa watu hela za bure, si watazinywea? Na asiyekunywa si atakaa kivulini kungoja nyingine?" Wapo wanaoliremba swali hilo kwa maneno makubwa: utegemezi, kudumaza ari ya kazi, kuua moyo wa kujituma. Ni lile lile. Nimelijibu kwa upole kwa miaka mingi. Leo nalijibu kwa maandishi ili tukikutana tena tuzungumze mengine, maana yapo maswali mazito zaidi yanayokosa nafasi kwa sababu ya hili moja.

Tuanze na pombe. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walipitia tafiti 19 kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, zote zikiwa zimepima kwa takwimu kama watu wanaopewa fedha taslimu hununua pombe na sigara zaidi. Karibu tafiti zote zilionyesha jambo moja: matumizi hayo ama hayakubadilika, ama yalipungua. Matokeo hayo hayakutoka kijiji kimoja wala nchi moja. Yametoka mabara matatu, kwa mipango ya aina tofauti, yenye masharti na isiyo na masharti.

Anayejua nyumba ya maskini inavyoendeshwa hawezi kuyashangaa matokeo hayo. Simama siku moja kwenye ofisi ya kijiji nchini Tanzania, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) unapolipa, uangalie hela inaelekea wapi. Mara nyingi aliyekaa kwenye foleni ni mama. Akishapokea, kituo chake cha kwanza ni duka alilokopa unga, sukari na sabuni. Muuza duka anafungua daftari, anahesabu, anakata jina. Kinachobaki kinagawanywa hapo hapo kichwani: madaftari ya mtoto, kandambili, hisa ya kikoba, na kuku wawili kama hesabu itaruhusu. Na kiasi chenyewe tusikisahau. Mpango wa TASAF wa Kunusuru Kaya Maskini ulipoanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa kaya kwa mwezi. Kaya yenye watoto wanaosoma na wanaohudhuria kliniki iliongezewa, lakini haikuweza kuvuka 38,000. Malipo yalipangwa kutoka kila baada ya miezi miwili. Anayedhani fedha hiyo inatosha kuanzisha ulevi hajawahi kulisha watu sita kwa hiyo.

Mpango huo haukuanzishwa kwa kubahatisha. Ulitanguliwa na majaribio yaliyoanza kulipa mwaka 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusika: 40 vilipata ruzuku, 40 vikawa vya kulinganishia. Katika vijiji vilivyopata, kaya zilijiunga zaidi na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, na watoto wengi zaidi walikuwa na viatu. Mtu akikwambia ruzuku iliishia kilabuni, muulize viatu vya watoto wa Chamwino vilitoka wapi.

Hapo ndipo huwa naambiwa, "Lakini mimi namjua mmoja." Ndiyo, kila kijiji kina mlevi wake, na kila mtu anamjua kwa jina. Alikuwa akilewa kabla mpango haujafika, akilewa kwa kukopa na kwa kuuza mahindi ya mkewe. Siku ya malipo anaonekana barabarani. Wale waliolipa deni, wakanunua dawa ya mtoto na kurudi nyumbani hawaonekani, kwa kuwa hakuna anayesimama njiani kumtazama mama aliyebeba kilo mbili za unga. Sera ya nchi haiandikwi kwa kumfuata anayeonekana zaidi.

Sasa uvivu. Mwaka 2017 Abhijit Banerjee na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio saba ya mipango ya serikali ya kugawa fedha katika nchi sita, kuanzia Indonesia na Ufilipino hadi Morocco na Meksiko. Hawakupata ushahidi kwamba wapokeaji waliacha kazi, si wanaume, si wanawake. Jimbo la Alaska, Marekani, limekuwa likimlipa kila mkazi gawio la mapato ya mafuta kila mwaka tangu 1982, na waliochunguza soko la ajira la huko hawakuona idadi ya watu walioajiriwa ikishuka.

Kama Alaska ni mbali, twende Kenya. Katika kaunti za Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly na watafiti wanaendesha jaribio kubwa la kipato cha msingi katika vijiji 295. Vijiji 44 viliahidiwa malipo ya kila mwezi kwa miaka 12, kiasi cha senti 75 za Kimarekani kwa siku kwa kila mtu mzima, bila kuchagua nani maskini na nani nafuu. Vijiji 80 vilipewa kiwango hicho hicho kwa miaka miwili tu. Vijiji 71 vilipewa fedha zote kwa mkupuo mmoja, na 100 havikupewa chochote ili vilinganishwe na vingine. Matokeo ya miaka miwili ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2023, hayakuonyesha dalili yoyote ya watu kuacha kazi. Kilichobadilika ni aina ya kazi: watu walipunguza vibarua vya ujira na kuongeza shughuli zao wenyewe, hasa biashara ndogo ndogo.

Naomba msomaji atulie kwenye matokeo hayo, kwa sababu hapo ndipo shutuma ya uvivu inapozaliwa. Kaya isiyo na akiba mvua za kwanza zinapoanza haina unga wa kuifikisha hadi mavuno. Baba na mama wanakwenda kibarua, wanalima shamba la mwingine wapate chakula cha siku hiyo. Shamba lao linangoja. Wanakuja kupanda wiki kadhaa baadaye, mvua zikiwa zimeshapungua nguvu, kwa mbegu iliyobaki na bila mbolea. Wanavuna kidogo, na msimu unaofuata wanarudi kibarua wakiwa na njaa zaidi. Huo mzunguko ndio unaozalisha umaskini mwaka hadi mwaka, na watu waliomo humo wanafanya kazi kutwa nzima.

Ipe kaya hiyo kiasi kidogo cha uhakika kabla ya mvua. Jambo la kwanza itakalofanya ni kukataa kibarua cha ujira duni na kulima shamba lake kwa wakati. Mwenye shamba kubwa aliyezoea kupata vibarua kwa bei ya kutupa atalalamika kwamba watu wamekuwa wavivu tangu walipoanza kupewa hela. Malalamiko yake ni ya kweli kwa upande mmoja tu: hawaji tena kwake kwa bei ile. Wanalima kwao. Nimesikia lawama hii kwenye vikao vingi, na mara nyingi anayeitoa ni mtu aliyekuwa akinufaika na njaa ya jirani yake. Tukiirudia bila kuipima, tunabeba hoja ya mwajiri mnyonyaji tukidhani tunatetea utu wa kazi.

Nikifika hapo, hutolewa dawa mbadala. "Basi msiwape hela. Wapeni semina ya ujasiriamali." Dawa hii inapendwa kwa sababu inamridhisha anayetoa: kuna ukumbi, kuna posho ya mkufunzi, kuna vyeti na picha ya pamoja. Nchini Rwanda dawa hiyo imepimwa waziwazi. Craig McIntosh na Andrew Zeitlin walilinganisha programu ya mafunzo ya ajira kwa vijana, iliyofadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, na ruzuku ya fedha taslimu yenye gharama ile ile. Mafunzo yalisaidia, sikatai. Lakini fedha taslimu zilifanya vizuri zaidi kwenye mali, akiba na kuridhika na maisha, na ndizo zilizoongeza kipato. Mafunzo yalishinda kwenye jambo moja tu: ujuzi wa biashara. Vijana walitoka wakijua zaidi namna ya kuendesha biashara, na mtaji hawakuwa nao. Mama anayeuza nyanya kwa mafungu anajua faida na hasara kuliko wakufunzi wengi ninaowafahamu. Anachokosa ni tenga la pili la nyanya.

Wa mwisho huuliza kama fedha hizi zitapandisha bei sokoni. Siaya imelijibu hilo pia. Katika jaribio jingine la huko, kati ya 2014 na 2017, kaya zaidi ya 10,500 katika eneo lenye vijiji 653 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja, fedha nyingi mno kwa uchumi wa vijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta bei zimepanda kwa wastani wa asilimia 0.1. Kila dola iliyotolewa ilizaa shughuli za uchumi za takribani dola 2.5, na majirani ambao hawakupewa hata senti waliongeza matumizi yao kwa sababu wenye fedha walinunua kwao na kuwapa kazi.

Sasa yanayopaswa kufanyika, kwa haraka. Kwanza, malipo yatoke kwa tarehe iliyotangazwa. Fedha inayochelewa miezi mitatu haikopesheki dukani na haisaidii kupanga msimu. Pili, kiwango kipande pamoja na bei. Shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi za mpango wa ruzuku wa Inua Jamii nchini humo zimekaa pale pale kwa miaka mingi huku unga ukipanda. Tatu, palipo na kundi linalojulikana wazi, walipwe wote bila kuchujwa. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti yake yenyewe, na Kenya ikafuata mwaka 2018 kwa umri huo huo. Cheti cha kuzaliwa ni rahisi kukihakiki kuliko umaskini, na mzee haachwi nje kwa sababu mwanawe alimwezekea bati. Nne, anayetaka mtaji apewe nafasi ya kuchukua malipo kadhaa kwa mkupuo. Huko Siaya na Bomet, waliolipwa kila mwezi kwa muda mrefu walitumia vyama vyao vya kuzungushiana fedha kujitengenezea mkupuo wenyewe. Tano, marufuku kukata michango ya kijiji kwenye meza ya malipo. Anayekatwa adai stakabadhi na apeleke malalamiko kwa mratibu wa wilaya. Sita, fedha hizi zisitumike kama kisingizio cha zahanati isiyo na dawa. Ruzuku inamfikisha mama zahanati, na dawa lazima aikute huko.

Na kipato cha msingi kwa wote? Tupige hesabu. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kumlipa kila mmoja shilingi 10,000 kwa mwezi kungegharimu takribani trilioni 7.4 kwa mwaka, wakati bajeti yote ya serikali ya 2022/23 ilikuwa trilioni 41.48. Hatuwezi kuanza hapo kesho asubuhi, na anayeahidi hivyo jukwaani hajapiga hesabu. Tunachoweza ni kuanza na wazee, tukaongeza watoto wachanga na watu wenye ulemavu, kundi kwa kundi, kadiri mapato ya kodi yanavyokua. Ndivyo nchi nyingi zenye pensheni nzuri leo zilivyojenga mifumo yao. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43, imeshaandika hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Haki haisubiri kwanza tuthibitishe tabia njema ya anayestahili.

Kwa hiyo diwani, mwandishi wa habari, sheikh, mchungaji: mkikutana na mratibu wa mpango wa kunusuru kaya maskini wilayani kwenu, muulizeni mambo matatu. Malipo ya mwisho yalipaswa kutoka lini, na yalitoka lini? Kiwango kimepandishwa mara ngapi tangu kilipowekwa, na bei ya unga imepanda mara ngapi? Ni kaya ngapi maskini zilizo nje ya orodha, na uhakiki mwingine utafanyika lini? Yaandikeni majibu yake, kisha myasome kwa sauti kwenye kikao cha bajeti.