Mofini Mikononi mwa Mgonjwa wa Muda Mrefu

Dawa zinazodhibitiwa ni zile ambazo, pamoja na kutibu, zinaweza kumtia mtumiaji katika uraibu, na ndiyo maana sheria huamua nani aziandike, nani azitoe na zihifadhiwe vipi. Msingi wa sheria hizo ni Mkataba wa Kimataifa wa Dawa za Kulevya wa mwaka 1961, unaotaka mofini, dawa kali ya maumivu itokanayo na afyuni, itolewe kwa cheti, na kumbukumbu zake zitunzwe kwa muda usiopungua miaka 2. Utangulizi wa mkataba huohuo, hata hivyo, unakiri kwamba dawa hizo ni za lazima katika kutuliza maumivu na kwamba hazina budi kupatikana. Wajibu huu wa pili husahauliwa mno, na anayeumia ni mgonjwa wa saratani.

Uganda imeonyesha kwamba wajibu wote wawili unatimizika. Baada ya Dkt. Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, unga wa mofini ulichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa huitumia akiwa nyumbani kwake. Kikwazo kikawa kwamba mofini iliandikwa na madaktari, ilhali vijijini, ambako madaktari ni haba, wagonjwa wengi huhudumiwa na wauguzi na matabibu. Mwaka 2004 kanuni zilirekebishwa, na waliohitimu mafunzo maalumu ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mwenye ugonjwa mzito, wakaruhusiwa kuiandika. Huo ulikuwa uamuzi wa haki.

Mofini ya kunywa hutuliza maumivu kwa takriban saa 4, hivyo kanuni inayomrudisha mgonjwa dhaifu kituoni kila baada ya siku chache humwadhibu bila kumlinda mtu yeyote. Aidha, mwili unaoizoea dawa hutaabika inapokatizwa ghafla, lakini mazoea hayo si uraibu, kwa kuwa mraibu huendelea kuitamani na kuitafuta dawa hata inapomdhuru. Mfamasia asiyetofautisha mambo hayo mawili atamshuku mgonjwa anayeomba tu kilichoandikwa katika cheti chake.

Familia zinazomuuguza mtu nyumbani zinaombwa kuifungia chupa mbali na watoto, kutopunguza wala kukatiza dozi bila ushauri, na kurudisha kituoni dawa yoyote inayobaki.