Eneokazi la Mbali: Kuitumia Seva ya Winguni kwa Picha

Seva ya winguni, yaani kompyuta inayokodishwa ndani ya kituo cha data na kufikiwa kwa intaneti, haina skrini wala kipanya, na mara nyingi mfumo endeshi wake, kwa mfano Ubuntu ya seva, huja bila eneokazi, ile sura ya madirisha na aikoni aliyoizoea mtumiaji wa kawaida, hivyo mwenye seva huiongoza kwa kuandika amri. Upungufu huo ni wa makusudi, kwa kuwa picha hula kumbukumbu na nguvu za kichakataji ambazo mpangaji anazilipia. Hata hivyo, zipo kazi, kama vile kuchora ramani kwa programu ya QGIS, ambazo kwa amri tupu ni taabu isiyo na sababu.

Njia iliyozoeleka ya kulipata eneokazi hilo ni VNC, iliyobuniwa katika maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Programu iliyoko kwenye seva hulichora eneokazi ndani ya kumbukumbu, pasipo skrini yoyote halisi, kisha humtumia mtumiaji zile sehemu za picha zilizobadilika tu, naye hurudisha mibofyo ya kipanya na herufi anazochapa. Kwa seva ndogo, eneokazi linalofaa ni Xfce, ambalo Olivier Fourdan alianza kulitengeneza mwaka 1996 na ambalo halina makuu. Baada ya kuliweka, pamoja na programu ya VNC kama TigerVNC, mtumiaji huandika faili fupi ya kuianzishia Xfce. Akiisahau, huenda akaishia kutazama skrini tupu na kudhani seva imeharibika.

Hadi hapo kazi ni nyepesi, lakini kwenye usalama ndipo wengi hukosea. Eneokazi la kwanza la VNC husikiliza kwenye mlango namba 5901, mlango ukiwa ni namba inayotambulisha huduma moja ndani ya kompyuta, na VNC ya asili huzingatia herufi 8 tu za mwanzo za nywila, huku picha na maandishi yakisafiri bila kufichwa kwa msimbo. Kuufungua mlango huo kwa intaneti yote ni uzembe, hata kama ni kwa majaribio. Dawa yake ni SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen wa Finland mwaka 1995 baada ya mtandao wa chuo chake kudukuliwa na nywila kunaswa: VNC huamriwa kusikiliza ndani ya seva yenyewe tu, na mtumiaji huifikia kwa kupitishia mawasiliano yote ndani ya SSH, ambayo huyafunga kwa msimbo toka mwanzo hadi mwisho.

Mwenye seva ya aina hii na aikague ngome yake ya mtandao leo. Akiukuta mlango 5901 uko wazi kwa dunia nzima, aufunge kabla ya kufanya jambo jingine lolote.